Mlango wa Dari Juu ya Friji ya Chanjo

Siku yangu ya kwanza karakana nilipanda ngazi, nikapenya kwenye tundu la dari mpaka kiunoni, halafu nikagoma kwenda juu na nikagoma kurudi chini. Miguu ilikuwa inaning'inia sebuleni kwa watu, kichwa kilikuwa kwa popo. Fundi Kasiani, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wangu na mwalimu wangu kwa miaka yote ninayotaka kuwasimulia, hakunivuta. Aliomba kiti akakaa, akawaambia wenye nyumba wasiwe na wasiwasi, dari yao sasa imepata kizibo na joto halitashuka tena. Kuanzia hapo karakana nzima ikaniita Kizibo. Mpaka leo kuna watu hapa Ifakara wanadhani ndilo jina nililobatizwa.

Ninyi vijana mlioniaga juzi kwa soda na maneno mazuri ambayo sikuyasikia hata siku moja nilipokuwa kazini, mmesema niandike kidogo tulivyokuwa tunafanya kazi miaka ya tisini. Haya. Habari za vyeo msizitafute humu, maana mimi nilipanda ngazi za mbao tu. Shule niliacha kidato cha pili. Zile pembe tatu za hesabu zilinishinda, nikazikimbia, nikaenda kukutana nazo kwenye kenchi za paa. Mungu naye ana utani wake.

Fundi Kasiani alikuwa Mpogoro wa kule Mahenge, mfupi, mkavu, hacheki, lakini ukimsikiliza vizuri nusu ya maneno yake ni mzaha. Msumeno wake alikuwa haazimi mtu. Alisema mke akikasirika akaenda kwao anaweza kurudi jinsi alivyokwenda, lakini msumeno ukiazimwa haurudi na meno yake. Randa aliniruhusu kuigusa baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kushika ngazi, kazi ambayo watu wanaidharau mpaka siku ngazi itakapoteleza.

Kazi iliyotupa jina ilikuwa milango ya dari. Joto la bonde mnalijua. Ikifika saa nane mchana bati limeiva, na hewa iliyoko kati ya bati na dari unaweza kuanikia mpunga. Watu wanatengeneza dari nzuri kabisa, halafu lile tundu la kupandia wanalifunika na kipande cha silingbodi kilichobaki, kimelala tu kama kifuniko cha sufuria. Upepo ukiingia chini ya bati unakinyanyua, pa, pa, pa, na kila kikinyanyuka moto wote unasukumwa chini, pamoja na harufu ya popo na vumbi la mavi yao. Shuleni niliambiwa hewa ya moto hupanda. Inapanda, ndiyo, mpaka ikutane na upepo wa Kilombero.

Kijana mmoja atauliza kwa nini usipigilie tu misumari likaisha. Na mimi niliuliza. Kasiani akanijibu kwamba bati likitoboka utapandia kwangu? Na mavi ya popo yasipozolewa yanaozesha dari, siku moja yanakuja yote mezani wakati wa chakula.

Kwa hiyo tulikuwa tunatengeneza hivi. Unaanza na fremu ya mbao pande nne, imepimwa kwa pima maji, siyo kwa jicho, maana jicho linapenda kusifia kazi yake. Chini ya fremu, pale mlango unapokutana nayo, unabandika mpira. Sisi tulitumia tyubu ya baiskeli iliyochanwa kwa urefu. Kwenye kona zikate ncha zikutane vizuri, usiziache zimepeana mgongo kama watu waliogombana. Mlango wenyewe ni plaiwudi, unafunguka kwenda chini, bawaba upande huu, makomeo mawili upande ule ya kuukaza dhidi ya mpira. Mgongoni kwa mlango unajenga sanduku la kina cha kiganja, dogo kuliko tundu kwa upana wa kidole, la sivyo mlango utagoma kufunguka na utaonekana mjinga mbele ya mwenye nyumba. Ndani ya sanduku unashindilia sufi. Siyo sana. Sufi ikibanwa ikawa ngumu haizuii joto tena. Iache ipumue, halafu funika na gunia, pigilia.

Kupima ni rahisi. Weka kipande cha gazeti kati ya mlango na mpira, funga makomeo, vuta. Gazeti likitoka kirahisi hujafunga, umeegesha. Likichanika, kanywe chai.

Sasa niwaambie kazi iliyonitoa jasho kuliko zote, na jasho lenyewe nililitafuta mwenyewe.

Kulikuwa na zahanati ya kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, njia ya kwenda Mofu. Jina la kijiji nalihifadhi kwa sababu kosa lilikuwa langu, siyo lao. Nesi wao alikuwa Mama Skola, mama wa makamo, sauti ya chini, lakini akisema jambo hata kuku wanatoka kwenye korido. Chumba chake cha chanjo kilikuwa na friji ya mafuta ya taa. Dari ya chumba ilikuwa nzuri, waliojenga walitandika mikeka ya matete juu yake tabaka mbili. Ila tundu la dari walilikata juu ya friji kabisa, wakalifunika kwa kile kipande cha silingbodi mnachokijua. Kila siku mchana friji ilikuwa inapigana na bati, na bati lilikuwa linashinda. Kipimajoto, ambacho hakitakiwi kuzidi nyuzi nane, kilikuwa kinasoma kumi, kumi na moja.

Bwana chanjo wa wilaya alikuja akaona. Dawa zikarudishwa mjini kwenye kisanduku cha barafu, friji ikaachwa na chupa za maji tu. Akampa Mama Skola wiki tatu. Wiki ya mwisho kadi ya joto isomeke nane au chini yake, asubuhi na jioni, bila kukosa siku, dawa zitarudi. Isiposomeka, friji inapelekwa kijiji kingine. Na friji ikiondoka, akina mama watabeba watoto mpaka Ifakara kwa miguu, kwenda siku nzima, kurudi siku nyingine, na masika ikikaribia hata njia haipo. Watu wangapi wataenda? Mama Skola alituuliza hivyohivyo kwenye barua aliyotuandikia kuomba fundi, na hakusubiri jibu, akaandika mstari wa chini: watakwenda wachache.

Fundi Kasiani alikuwa na kazi ya madawati. Akaniita, akanipa plaiwudi, tyubu, makomeo, na gunia zima la sufi, safi, nyeupe, imeshatolewa mbegu. Akasema, "Kizibo, hii nenda peke yako." Nilikuwa nimekaa naye miaka minne. Nilitembea siku ile kama mtu aliyepewa jimbo.

Tatizo ni kwamba nilipita nyumbani kufunga mzigo kwenye baiskeli. Mimi na mke wangu Yustina tulikuwa na miezi miwili ya ndoa, na mito yetu ilikuwa matambara yaliyoshonewa kwenye kanga. Ukiamka asubuhi shingo inaelekea Mlimba. Nikaitazama ile sufi. Nikajiambia, sufi yote hii ikalale juu ya friji, friji ina shingo? Halafu nikakumbuka kwamba pale kijijini kwenye mashine ya kukoboa kuna mlima wa pumba za mpunga, na wachoma matofali wanasema pumba zinashika moto siku tatu. Kitu kinachoshika moto kinazuia moto, au siyo? Mnaona kidato cha pili kinavyoweza kumfikisha mtu. Yustina nikamwambia sufi ni mabaki ya kazini. Akafurahi, akashona mito miwili mikubwa kabla sijaondoka.

Mlango niliutengeneza vizuri, hapo nasema bila aibu. Gazeti lilichanika pande zote nne. Ndani ya sanduku nikajaza pumba, nikapigilia gunia, nikakaza makomeo. Mama Skola alisimama chini ananitazama, akauliza kama kazi imekwisha, nikamwambia mama, sasa hata shetani akitaka kushuka na moto wake apitie mlango wa mbele. Siku tano kipimajoto kikasoma saba. Mimi huku karakana nikawa natembea nimekunja mikono nyuma, nafundisha watu wasioniuliza.

Siku ya nane tangu nirudi, mchuuzi wa samaki anayetoka Mofu na baiskeli alisimama nje ya karakana na tenga lake, akauliza Kizibo ni nani. Akasema Mama Skola anakusalimu, anasema njoo uwaone wageni wako wa darini.

Kule kwenye ile mashine hawachekechi. Pumba zao zimejaa chenga na punje nzima nzima. Nilikuwa nimewapelekea panya wa zahanati ghala, nikawawekea na paa. Walitafuna gunia, wakashiba, halafu wakatafuna mpira, nadhani kama kitafunio tu. Pumba zilikuwa zinamwagika juu ya friji, na hewa ya moto ilikuwa inapita kwenye mpira ulioliwa kama hakuna mlango. Mchuuzi alisema kadi imesoma tisa, kumi, kumi na moja. Na bwana chanjo alikuwa anarudi baada ya siku nane.

Fundi Kasiani alikuwa anapiga randa na alisikia kila neno. Hakusimamisha mkono.

"Panya wanakula sufi?" akauliza.

"Hapana, fundi."

"Walikula nini?"

"Pumba."

"Na sufi iko wapi?"

"Nyumbani."

"Inafanya nini nyumbani?"

Nikamwambia tunailalia. Kasiani akaweka randa chini, akafuta vumbi kwenye mikono polepole, akasema nikalete.

Yustina alikuwa anapepeta mchele uani. Nilitaka kuanza kwa mbali, nikaanza na habari za hali ya hewa, akaniambia sema. Nikasema. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliingia ndani akatoka na mito yote miwili na wembe, akakaa kizingitini, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja, ule mshono wake mdogo mdogo wa kudarizi.

"Kumbe nimelalia dawa za watoto wa watu," akasema.

Basi. Akafumua mpaka gunia likajaa. Nimefanya kazi na misumari maisha yangu yote, lakini hakuna uliowahi kuniingia kama ule.

Kesho yake alfajiri tulipanda baiskeli, Kasiani mbele na ngazi, mimi nyuma na gunia. Njiani hakunisema. Alinieleza mambo ya mbao, jinsi ya kuijua mninga mbichi kwa harufu, kama vile tunaenda kazi ya kawaida. Tulipofika alimsalimu Mama Skola kwa heshima zote, akampa pole, akasema karakana imekosea na karakana itarekebisha. Karakana, alisema. Hakunitaja.

Tulizoa pumba zote, tukafagia dari, tukabandika tyubu mpya. Sufi ikaingia, na juu ya gunia safari hii Kasiani akapigilia wavu wa dirisha, kila msumari kwa umbali wa kidole. Mlango wenyewe ulibaki uleule wa kwangu. Aliukagua kwa kucha, akaugonga, akasema hauna ubaya. Kwake hiyo ni sherehe. Kipande cha gazeti kilichanika. Jioni kipimajoto kikasoma nane, asubuhi iliyofuata saba.

Siku ya bwana chanjo ilipokaribia Kasiani aliniambia nitangulie nikasimame pale. Nikauliza nikafanye nini. Akasema nikasimame tu, fundi anatakiwa kusimama mbele ya kazi yake, iwe imesimama au imeanguka.

Bwana chanjo alikuja mapema, kabla wiki ya mwisho haijatimia. Kadi ilikuwa na siku sita nzuri, na kabla ya hizo zile tisa, kumi na kumi na moja, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, wazi kabisa. Kwa kweli mimi nilikuwa nimemnong'oneza Mama Skola mlangoni kama hawezi kuzipunguza kidogo zile za nyuma. Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Yule bwana alikuwa mtu mstaarabu, hana makuu, lakini alikuwa na kazi yake. Alisoma kadi mara mbili. Akasema mama, pole, ila friji hii inapanda na kushuka. Wiki moja inafanya kazi, wiki ya pili imechoka. Dawa za watoto siwezi kuziweka kwenye kitu kinachochoka. Mama Skola akasema ni panya. Bwana chanjo akauliza, na panya wakirudi? Mama Skola alitazama dari; pumba alikuwa ameziona, lakini hakujua kwamba ndizo zilizowaita. Alidhani ni panya tu, kama mvua ni mvua.

Nikaona anafunga ile kadi. Nikasema, "Shikamoo mheshimiwa." Nilikuwa nimeshamsalimu asubuhi.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi. Friji haijachoka. Panya niliwaleta mimi."

Nikamweleza yote, gunia la sufi, Yustina, mito, pumba, chenga. Nilikuwa nataka nieleze kifupi lakini uongo ndio unaoelezeka kifupi. Mama Skola alikuwa amesimama pembeni ya friji na sikuthubutu kugeuka. Nilipomaliza mdomo wa bwana chanjo ulikuwa umejikaza upande mmoja, sikujua kama ni hasira au kicheko.

"Na sasa mnalalia nini?"

"Mikono, mheshimiwa."

Akavua koti, akasema nimshikie ngazi. Ilikuwa saa nane mchana na bati lilikuwa linalia kwa jua. Alipanda, akaweka kiganja kwenye mlango wangu, akakiacha pale muda mrefu. Akakihamishia kwenye dari pembeni, akarudisha kwenye mlango. Akafungua makomeo, na joto la darini likampiga usoni mpaka akafumba macho. Akafunga haraka. Akashuka, akasema asubuhi yeye yuko kijiji cha pili na gari lake. Kesho saa moja kamili kipimajoto kikisoma nane au chini, analeta dawa. Kikisoma tisa, anakuja kubeba friji, na mimi nitasaidia kuibeba.

Nililala kwa mlinzi wa zahanati. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni. Mama Skola alikuja na ufunguo, hakunisalimia, akafungua chumba. Bwana chanjo alifika saa moja na vumbi lake. Nilidhani yeye ndiye atakayesoma, lakini Mama Skola alitoa kile kipimajoto, akanikabidhi mimi.

"Soma," akasema. "Ulikuwa na maneno mengi jana."

Hesabu na mimi mnajua hatuelewani. Nilivihesabu vile vistari kutoka chini kwenda juu, nikavihesabu kutoka juu kwenda chini, nikavihesabu tena, ndipo nikatoa sauti. Nikasema saba. Bwana chanjo akakichukua mkononi mwangu, akaangalia, akaandika saba kwenye kadi, akaenda kwenye gari. Alirudi na kisanduku cha barafu.

Habari ya dawa kurudi haikuhitaji kutangazwa. Saa nne benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama, wengine wametoka mashambani na majembe yao, wameyaegesha ukutani. Mimi nilikuwa nafunga ngazi kwenye baiskeli niondoke kabla Mama Skola hajanikumbuka. Akanikumbuka. Aliniita ndani, akaniambia ninawe mikono, akaniwekea mapajani mtoto wa kike wa miezi kama mitatu hivi, mnene, ambaye mama yake alikuwa bado anamfungua pacha wake mgongoni. Akasema nishike mguu huu, nisiulegeze.

Sindano ilipoingia yule mtoto hakumtazama nesi. Alinitazama mimi, moja kwa moja, kama mtu aliyesikia habari zangu zote, kisha akafungua mdomo akalia mpaka popo darini wakasogea. Nikamwambia lia tu mwanangu, dawa imekuja baridi.